Nani Anamlisha Bwana Mdogo?

Kazini kwetu watu humwita mke wangu Kufuli, na jina hilo hawakumwonea. Yeye ndiye mtunza ghala la chakula cha farasi, na ufunguo wa ghala hilo anauvaa shingoni kwa uzi. Anaoga nao, analala nao. Hanywi chai ambayo hakuiona ikimiminwa. Fundi bomba akija nyumbani atasimamiwa kichwani mpaka aanze kujikuna bila kuwashwa. Siku tuliyofunga ndoa, niliposema nimekubali, aligeuka akanikodolea macho kuhakikisha kwamba nimekubali kweli. Leo nacheka, lakini siku ile jasho lilinitoka.

Mimi nashughulika na kwato. Nazichonga, nazipiga tupa, nazipigilia vyuma. Dada yangu mkubwa naye alikuwa hapo hapo, akifagia vyumba vya farasi na kuwajazia maji, na ni yeye aliyemsemea mke wangu kwa bosi mpaka akapata kazi. Basi kutwa nzima tulikuwa chini ya bati moja, mimi, mke na wifi yake. Anayejua mawifi wanavyoweza kuwa atanionea huruma, lakini hawa wangu walipatana. Waliazimana viatu na kunisengenya mbele yangu bila hata kushusha sauti.

Kiumbe kimoja tu hakikuwahi kutiliwa shaka na Kufuli, nacho ni mwanafarasi mwekundu tuliyemwita Bwana Mdogo. Mama yake alimkataa tangu kuzaliwa, akampiga teke kila alipotafuta ziwa, ndipo mke wangu akamlea kwa chupa. Alipoacha chupa akaanza kumpikia. Alikuwa akimwita kwa mluzi, na yule mtoto anakuja mbio, masikio wima, anamchokonoa mfukoni kwa pua.

"Huyu hajui kudanganya," aliniambia siku moja.

"Na mimi je?"

"Wewe bado nakuchunguza."

Mimi ndiye niliyegundua kwanza kwamba mambo hayako sawa. Niliinua mguu wake wa mbele nichonge ukwato, akaunyakua. Nikapapasa. Mfupa ulikuwa umetutumka juu ya goti, mpana na mgumu, na mguu wa pili vivyo hivyo. Alipotembea alichechemea kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Bosi alikuja akatazama, akakunja uso.

"Miguu hii ikikataa kunyooka, hapa hakai," alisema, na sote tulijua farasi wasiokaa pale hupelekwa wapi.

Daktari wa mifugo aliitwa. Alimpima, akamtembeza, kisha akamuuliza mke wangu mtoto anakula nini. Kufuli akataja: majani makavu asubuhi hadi jioni, shayiri kibaba asubuhi na kibaba jioni, chumvi ya kulamba, maji.

Daktari akatikisa kichwa. "Chakula hicho hakina tatizo. Mifupa hii inasema anakula kitu kingine. Hakuna mtu anayemwongezea?"

Laiti angejua amemuuliza nani swali hilo! Nilimwona mke wangu akikaza macho, akageuza shingo polepole, akatutazama mmoja mmoja.

Kuanzia hapo banda likawa si banda tena. Alifunga unywele kwenye komeo la chumba cha Bwana Mdogo aone kama utakatika. Alinyunyiza unga mlangoni aone nyayo. Nyayo alizozikuta zilikuwa za dada yangu, na ajabu iko wapi? Mfagiaji asiingie chumba anachokifagia? Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba mimi siwezi kuiona hila ya ndugu yangu hata inikanyage.

Asubuhi moja akamfumania. Dada alikuwa ameegemea ufagio, mkono wake uko mdomoni mwa Bwana Mdogo. Kilichokuwa kinatafunwa ni ncha ya karoti.

"Kumbe ni wewe!" Kufuli alipiga kelele mpaka farasi wakaruka. "Kumbe ni wewe unayemuua mtoto wangu!"

"Wifi, ni karoti. Ya mchuzi wangu mwenyewe."

"Leo karoti. Na jana? Na juzi? Nani anajua unamtilia nini nikigeuka?"

Watu walikuja, bosi akaja. Kufuli alimwaga yote, unywele, unga, nyayo, na mambo mengine aliyotia chumvi mwenyewe. Nilimtetea dada yangu mpaka koo likakauka, lakini bosi alitaka mtu wa kubeba mzigo na mtu alikwisha kuletwa mbele yake. Dada alifukuzwa pale pale. Alivua buti za kazi, akazipanga ukutani vizuri, akavaa ndala zake.

"Wifi," alisema, "tangu uolewe kwetu sijakutilia shaka hata siku moja. Hata pale nilipokuwa na sababu."

Akaenda zake. Nilimchukia mke wangu siku ile, sifichi. Tulikula kila mtu na sahani yake na ukuta wake. Kilichoniuma zaidi si kibarua. Dada yangu sasa alikuwa mtaani na sifa ya kumlisha sumu mnyama wa watu, na nani angemwajiri kwa sifa hiyo?

Nilitegemea goti la Bwana Mdogo liseme ukweli, nalo likasema. Dada hayupo, goti likazidi. Kufuli badala ya kushtuka akatafuta mwingine. Akamgeukia mlinzi, kisha mpanda farasi, kisha mimi. Nilimkuta ananusa mifuko ya suruali yangu.

"Unatafuta mwanamke au shayiri?" nilimuuliza.

"Chochote nitakachokikuta."

Mwishowe akafunga chumba cha mtoto kwa kufuli lake mwenyewe. Hakuna aliyeingia ila yeye. Na mtoto akawa hawezi tena kuja mbio. Mluzi ukipigwa anainua masikio tu, miguu haitaki. Ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Watu walianza kunong'ona mke wangu akipita. Mlinzi akawa anachungulia kwenye ufa wa mlango aone anafanya nini mle ndani. Aliyetuchunguza wote sasa anachunguzwa, na pamoja na hasira yangu yote, roho iliniuma kumwona anatembea ameinamisha kichwa.

Daktari alirudi jioni moja, saa ya chakula, bosi na mlinzi wakiwa nyuma yake. Kufuli alimimina shayiri mbele yake, akaisawazisha kwa kiganja ashuhudie. Kisha, kama afanyavyo kila siku, akanyanyua ndoo yenye mvuke akaimimina horini.

"Na hiyo ndoo?" daktari aliuliza.

"Hii? Hii si chakula, daktari. Ni pumba tu."

"Pumba za ngano?"

"Za ngano, na maji moto. Nilipomwachisha chupa nilianza kumpikia. Zinampoza tumbo."

"Anakula kiasi gani?"

"Mpaka aridhike."

Daktari hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba pumba zina fosforasi tele na chokaa kiduchu, na mwili ukizidiwa na ile moja huchota nyingine kwenye mifupa, na mifupa ya mtoto ndiyo kwanza inajengwa. Aache pumba kabisa, apunguze shayiri, amwekee chokaa ya mifugo kwenye chakula, na amtoe nje atembee taratibu. Akiwahi, goti litatulia.

Kufuli akamtazama kwa jicho lake la shaka. "Na hiyo chokaa anauza nani? Wewe?"

"Nunua popote unapotaka, mama."

Kufuli aliigeuza ndoo juu chini akaikalia, na Bwana Mdogo akaja akichechemea, akamchokonoa mfukoni. Mke wangu alilia kwa sauti, mbele ya mlinzi, mbele ya bosi, mbele yangu. Kisha akasimama, akamwambia bosi: "Mlishaji ni mimi. Ni mimi tangu mwanzo."

Siku ya mapumziko tulikwenda kwa dada. Alifungua mlango kwa upana wa pua, mnyororo haujatolewa.

"Mmekuja kukagua nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, wifi," Kufuli alisema. "Mtoto nilikuwa nammaliza mwenyewe kwa mikono yangu, na wewe nikakupaka matope. Bosi anasema urudi."

Dada akatoa mnyororo, akatuonyesha viti, akaingia jikoni na kuufunga mlango nyuma yake. Tulisikia sufuria, tukasikia kijiko kikizunguka. Sikuthubutu kumtazama mke wangu. Chai ikaja, kikombe kimoja tu, kikawekwa mbele yake.

Alikiangalia kile kikombe. Mkono ulipanda kwenye ufunguo shingoni, ukashuka. Akakinyanyua akanywa, akanywa yote, ingawa ilikuwa ya moto na machozi yalimtoka.

"Asante, wifi," alisema.

Dada akakipokea kikombe. Akakipeleka dirishani, akakiinamisha kwenye mwanga, akachungulia ndani aone kama kimekwisha kweli.