Fulana Thelathini za Jogging

Kwenye klabu yetu ya jogging hapa Temeke mie ndo mwimbishaji. Nakimbia mbele, naita, wenzangu wanaitikia. Wiki kadhaa tulikuwa tunaimba kiitikio cha rapa mmoja wa ng'ambo. Kiingereza niliachana nacho kidato cha pili, ila mdundo ulisukuma miguu, nikajua maneno ni ya mazoezi tu.

Nikapeleka fulana thelathini kwa sista anayechapa, kiitikio kikae kifuani. Nikafungua simu nimsikilizishe, aandike maneno. Nyimbo haipo.

"Bando limeisha?" akauliza.

"Lipo."

Nikamtajia yule rapa. Akatafuta kwenye simu yake, akasoma, akanitazama. "Braza, wameitoa kila mahali. Inawatukana Wayahudi, inamsifia dikteta aliyewaua. Na nyie mnaiimbaga?"

"Kila Jumapili. Kwa spika."

"Ulikuwa hujui maana yake?"

"Sista, mie hata karatasi ya dawa huwa nasomewa."

Alicheka mpaka akakaa. Mie niliwaona akilini mama zetu wa klabu, wa swala tano na wa kwaya, wanakatiza barabarani na chuki ya watu wasiowajua vifuani. Hata fulana moja ilikuwa bado haijachapwa. Nikahema kama nimemaliza mbio.

Tukachapa "TUMECHOKA ILA TUPO". Jumapili nikawaeleza ukweli wote. Shangazi mmoja akanichapa mgongoni na taulo lake la jasho. "Kuanzia leo tunaimba tunachokielewa!"

Sijawahi kupigwa nikafurahi vile.