Nyoka Siku ya Sabato

Mimi sikuingia klabu ya wanyamapori kwa kupenda wanyama. Niliingia kwa kupenda lori. Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Migori, na lori lake hutoka getini likienda kuleta mahindi, au kupeleka watu matangani, au kubeba klabu ya wanyamapori. Safari ya mahindi unabeba magunia, na matangani unatakiwa ulie. Nikajiandikisha kwa wanyama.

Wenzangu walikuwa wagonjwa wa kweli. Kuna mmoja alifuga kinyonga ndani ya sanduku lake la nguo pale bwenini, na usiku alikuwa anamuuliza amelalaje. Lakini mgonjwa mkuu alikuwa katibu wetu, kijana mrefu wa darasa langu, Msabato, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa na ana duka la nafaka mjini. Katibu ndiye aliyemlea chatu wetu. Nyoka huyo alipatikana kwenye shamba la tumbaku upande wa Kehancha akiwa mdogo kama mshipi. Wakulima walikuwa wameshainua mapanga, mwalimu wetu wa baolojia akawaomba wampe. Tukamweka maabara, kwenye sanduku la mbao lenye waya mbele, na sasa alikuwa mrefu kunishinda. Katibu alimletea panya, alimsafishia sanduku, alijua mapema siku ambayo angevua ngozi. Sisi wengine tulijua mlango wa maabara uko wapi.

Basi mwalimu akatuletea habari kwamba Homa Bay kutakuwa na maonyesho ya nyoka na wanyama, na kwamba madam mmoja kutoka bustani ya nyoka atachagua mwanafunzi mmoja, mmoja tu, akakae naye likizo ya Agosti akijifunza kazi. Tangu siku hiyo Katibu hakula vizuri. Mimi namjua tangu kidato cha kwanza, na sijawahi kumwona akitaka kitu namna hiyo.

Shida ni kwamba maonyesho yalikuwa Jumamosi.

Nilimsindikiza dukani kwa baba yake kuomba ruhusa. Mzee alitusikiliza huku akipepeta maharage.

"Kuangalia viumbe vya Mungu siku ya Sabato ni ibada," akasema. "Nenda. Lakini kuvibeba ni kazi. Kushindana navyo ni kazi na nusu."

"Na kuongea juu yao, baba?"

Mzee akafikiri. "Ukiongea kama mtu anayemsifu Muumba, sawa. Ukiongea kama mtu anayetaka namba moja, hapana."

"Mzee," nikasema, "na mtu akimsifu Muumba, halafu kwa bahati mbaya awe namba moja?"

Akaniangalia. "Wewe ni kanisa gani?"

"Katoliki."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwa maharage yake.

Ikabidi apatikane mtu wa kumshika nyoka badala ya Katibu. Wengine wote walikataa. Mimi nilikuwa nimetoka nje kidogo, na niliporudi nikaambiwa nimechaguliwa bila kupingwa.

Homa Bay kulikuwa na joto la kukaanga yai kwenye bati. Uwanja ulijaa mahema. Shule moja kutoka Mfangano ilileta kenge aliyenuka samaki kutoka kichwa hadi mkia. Shule ya Kegonga ilileta miiba ya nungunungu bila nungunungu. Walisema mwenyewe alikataa kuja. Kulikuwa na mamba mdogo aliyefungwa mdomo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na watoto walikuwa wanapanga foleni kumtusi.

Sisi tulisimama kwa meza yetu, mimi mbele, Katibu kando yangu na shati lake jeupe la kanisani, mikono ameifunga mgongoni. Watu wakiuliza, alijibu yeye. Lakini alikuwa ameweka sheria yake ili asivuke mpaka.

"Huyu hana sumu," alisema, "sifa kwa Muumba. Anaua kwa kukaza, sifa kwa Muumba. Anaweza kumeza mbuzi akiwa mkubwa, sifa kwa Muumba."

"Huyo mbuzi naye anamsifu?" nikauliza.

"Nyamaza, omera, ndugu yangu."

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliweka ndoo yake chini, akamwamkia nyoka. Kwetu Waluo wapo wazee wanaosema chatu akija karibu na boma ni mgeni, analeta mvua, na hapigwi. Mama akaniuliza kama mgeni amekula. Nikamwambia amekula Alhamisi. Akauliza mbona tumemfungia kwa sanduku mtu aliyetuletea mvua. Nikamgeukia Katibu, Katibu akamgeukia mwalimu, mwalimu akaanza kukohoa. Asubuhi nilidhani nimeleta mnyama, kufika saa sita nilikuwa na mgeni wa heshima, na huyo huyo alikuwa kazi iliyokatazwa na sifa kwa Muumba. Nyoka mwenyewe alikuwa amelala.

Alasiri madam akafika kwetu. Alivaa suruali na buti, na mkononi alikuwa na kovu ambalo hakuna mtu aliyethubutu kuliulizia. Baba yake Katibu naye alikuwa ametoka kusali kanisa la hapo Homa Bay, akasimama pembeni na Biblia kwapani, aone kama mtoto anaabudu au anashindana.

"Mtoeni nje nimwone," madam akasema.

"Huyu ndiye atamtoa," Katibu akasema, akiniongoza kwa sauti ya chini. "Mshike katikati. Usimwinue kwa mkia. Polepole."

Nikamtoa. Kuna jambo ambalo sikulijua wakati huo: nyoka wetu alikuwa mpole kwa sababu maabara yetu haioni jua. Joto la Homa Bay lilikuwa limemwamsha kabisa. Alipanda mkono, akapita begani, akazunguka shingo mara moja, halafu akaona ni pazuri akazunguka tena.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikusema neno. Sikutikisika hata kope. Madam akatingisha kichwa kwa heshima, akaniuliza chatu huyu ana umri gani, na mimi nikaendelea kutosema neno.

Katibu peke yake ndiye aliona midomo yangu inabadilika rangi. Akafungua mikono yake pale nyuma, akaifunga tena. Akamwangalia baba yake. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza, na ninavyomfahamu angebaki huko.

"Baba," Katibu akasema, "ile habari ya Yesu, ya ng'ombe kutumbukia kisimani siku ya Sabato na kutolewa."

Mzee akaniangalia muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

"Ni ng'ombe kweli," akasema. "Mtoe."

Katibu akaruka mbele. "Pumua kidogo kidogo," akaniambia sikioni. "Ukitoa hewa yote anakaza." Akaanza na mkia, akamfungua kama mtu anayekunjua kamba ya ndoo, bila kuvuta, bila haraka. Akamrudisha kwenye sanduku, akafunga, akarudi mahali pake akaifunga mikono mgongoni kama vile hakuna kilichotokea.

Basi madam akatangaza. Alisema amezunguka mahema yote na hajaona kijana mwingine aliyekaa na chatu shingoni bila hata kutikisika. Akanielekezea kidole mimi.

Nilisikia wenzangu wakishangilia. Nilimwona Katibu akipiga makofi pia, polepole, akiangalia viatu vyake.

"Madam," nikasema, sauti ikitoka kwa shida, "mimi sikutulia. Nilikuwa nimekufa."

Akacheka. "Na ucheshi anao. Wageni watampenda."

"Madam, mimi naogopa hata mjusi wa chooni."

Wenzangu wakashika mbavu. Yule wa kinyonga alikaa chini kabisa. Nikatafuta sura ya kuonyesha kwamba sasa ninasema ukweli, nikagundua sina. Miaka yote hiyo sikuwahi kuihitaji.

Nikamvuta Katibu kando. "Mwambie wewe."

"Nikisema, hiyo ni kushindana."

"Basi sema kama mtu anayemsifu Muumba."

"Itakuwa uongo," akasema. "Naitaka hiyo nafasi."

Baba yake alikuwa karibu, na alisikia. Alihamisha Biblia kwapa hili hadi lile, akamfuata madam ambaye alikuwa ameshaanza kupakia vitu kwa gari.

"Mama, una haraka?"

"Kidogo, mzee."

"Kijana wangu ndiye mwenye hiyo nyoka. Leo hajaingia mashindano yako. Ataingia jua likishuka."

Madam akamwangalia mzee, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikanikumbusha. Sidhani alielewa, lakini aligeuza kreti ya soda akakalia. Mwalimu akaenda kumbembeleza dereva wa lori.

Tukangoja Sabato iishe. Mahema yakaanza kushushwa. Mamba akapita akibebwa kama gunia. Jua likaingia nyuma ya mlima.

"Limeshuka," nikasema.

"Limejificha," mzee akasema. "Ngoja."

Tukangoja tena, kundi zima linaangalia mlima ambao haukuwa na kitu. Hata madam alikuwa anaangalia. Mwishowe mzee akavua kofia, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, akaivaa tena.

"Haya," akamwambia mtoto wake. "Ni kazi yako sasa."

Katibu akafungua sanduku. Aliongea na madam mpaka giza likaanza kuingia, bila sifa kwa Muumba hata moja, na mikono yake ilikuwa inafanya kazi wakati mdomo unaongea. Akaonyesha mahali nyoka anahisi joto la panya. Akaeleza kwa nini yule nyoka alinipanda mimi. Madam aliuliza, akauliza tena, halafu akaacha kuuliza akawa anasikiliza tu. Alipoinuka kwenye kreti alinigeukia na kusema, "Wewe ulikuwa umekufa kweli."

"Ndivyo nilivyosema, madam."

Akampa Katibu mkono. Ndiye ataenda Agosti.

Ndani ya lori waliimba. Mimi nilipata nilichoomba: niliomba moyoni niondolewe nyoka, na akaondolewa mara mbili, kwanza shingoni, halafu kwenye likizo yangu ya Agosti. Hata hivyo nilikaa kimya kutoka Homa Bay hadi Rongo, nikikumbuka kidole cha madam kikinielekea, nikitafuta ni kitu gani nimenyang'anywa, na sikukipata. Katibu alikuwa amekalia sanduku la nyoka, anatabasamu peke yake.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

Nikamwambia shingo inauma. Ilikuwa inauma kweli, lakini si hiyo iliyoninyamazisha.