Sikirat na Pacha Aliyekwenda Sokoni

Saa tatu asubuhi mjini Oshogbo, Sikirat Oyelakin anatafuta sikio. Amelikuza kwenye kompyuta hadi limejaa kioo kizima. Ni sikio la mzee aliyefariki zamani, na nusu yake ya chini imeliwa na mchwa. Mbele yake, kwenye kigoda cha wateja, ameketi mtoto wa mzee huyo, ameinamisha kichwa kama anayesubiri kunyolewa.

"Geuka kidogo, kaka. Hapo hapo. Usicheke, sikio linapanda."

"Sasa dada, ukinichukulia sikio, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na mdomo. Huo unakutosha."

Ndivyo anavyofanya kazi mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu, katika kibanda chake jirani na soko la Oja Oba. Picha ikija imetobolewa, imelowa, au imekunjwa hadi pua ikakatika, yeye hujaza palipopotea. Kwanza hutafuta upande wa pili wa uso wenyewe. Ukikosekana, huomba picha nyingine. Nayo isipopatikana, huita ndugu wa damu: kidevu kwa kaka, paji la uso kwa binti, kope kwa shangazi.

"Pua ya mtu haivumbuliwi," anasema. "Ukiivumbua, ukoo mzima utakujia mlangoni kuuliza huyu nani."

Picha ngumu humpa naira elfu sita, na petroli ya jenereta hula sehemu kubwa. Hata hivyo amesomesha watoto wawili kwa nyuso za marehemu. Husema hivyo mwenyewe, na kucheka.

Wiki hii hacheki sana. Kuna picha moja imemvuruga, na kila anapoieleza huanza, huacha, kisha huanza tena kwa upande mwingine.

Ililetwa na Kehinde Oyewumi, muuza unga wa viazi vikuu aliyepita miaka sitini, ambaye soko zima linamwita Mama Dotun. Ni picha ya wasichana wawili pacha wa miaka mitatu hivi, wamekaa bega kwa bega, magauni sare, shanga sare. Wa kushoto ni mzima. Wa kulia, maji ya paa yamemla kuanzia utosini hadi begani, pamebaki weupe mtupu wa karatasi.

"Huyu mzima ni mimi," alisema Mama Dotun siku hiyo. "Huyo aliyeliwa ni Taiwo wangu. Sina picha yake nyingine duniani. Jumamosi tunapika maharage ya kuwaenzi pacha, wajukuu wote wanakuja. Nataka wamwone bibi yao mdogo."

"Mdogo? Si Taiwo ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa?"

"Wewe nawe! Na nani alimtuma? Mimi mkubwa ndiye niliyemwambia, tangulia ukaionje dunia, uniletee habari. Akaionja, haikumpendeza, akaenda zake sokoni."

Huku kwetu pacha hafi. Anakwenda sokoni, anasafiri, ana shughuli zake. Atakayetamka lile neno jingine anamfungulia mlango aliyebaki amfuate mwenzake. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwambia Mama Dotun ni lini hasa dada yake alikwenda. Mama yao alifariki mapema, na bibi aliyemlea alisema sokoni, yakaisha. Anachokumbuka ni siku ya picha: joto la studio, na mkono wa Taiwo ndani ya mkono wake, umelowa jasho.

Sikirat alifurahi kupata kazi ya pacha. Lamidi, fundi cherehani wa kibanda cha pili, alichungulia akafurahi zaidi.

"Vichwa viwili, kimoja kimechanika. Kata hiki, bandika pale. Hata mimi kola nazishona hivyo hivyo."

Sikirat akakata uso wa kushoto, akaupeleka kulia. Ukakaa. Ukakaa mno. Mwanga uliangukia shavu lile lile, na kivuli cha shanga kikaungana na kipande cha kivuli kilichosalia kifuani. Ndipo akateremka kutazama miguu, ambayo maji hayakuifikia. Kiatu kimoja cha mtoto wa kushoto kilikuwa kimefunguka, kamba imelalia upande. Cha mtoto wa kulia nacho, mguu ule ule, kamba imelalia upande ule ule. Kati ya magauni mawili ulipita mstari mwembamba kama unywele. Na mikono haikushikana. Kila mtoto alikuwa ameiweka ya kwake magotini.

"Nilijiona mjinga," anasema. "Mimi mzaliwa wa hapa, jambo hili nimelisikia tangu utotoni, lakini siku hiyo lilinitoka kabisa. Niliona tundu, nikafikiria kuziba tundu."

Zamani pacha aliyekwenda alichongewa sanamu ya mti, ikaogeshwa na kulishwa pamoja na mwenzake. Kamera zilipofika, akina mama wakampeleka aliyebaki kwa mpiga picha. Alikalishwa upande mmoja, akahamishiwa wa pili, picha zote mbili zikachapishwa kwenye karatasi moja. Mama akarudi nyumbani na watoto wake wawili.

Basi Taiwo alikuwa ameshaondoka kabla ya picha. Uso ambao Sikirat aliombwa aurudishe haukuwahi kukaa mbele ya kamera.

Hapo ndipo akili ilipomruka. Akiubandika ule uso, amefanya vile vile alivyofanya mpiga picha wa kwanza. Picha itakuwa sahihi, na Mama Dotun atakuwa amedanganywa. Asipoubandika, wajukuu watatazama shimo. Alijaribu kuubadilisha kidogo, akashusha kope, akapanua mdomo. Akatokea mtoto wa tatu, asiye wa mtu yeyote. Akamfuta haraka, na kumfuta nako kukamtia huruma.

"Mpe picha yake aende," Lamidi alimwambia. "Ukweli wa nini? Unapimwa kwa kilo?"

"Na mkono je? Anaukumbuka mkono."

"Mkono gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Unaniuliza mimi! Mimi fundi wa suruali."

Mama Dotun alipokuja, Sikirat aligeuza kompyuta, akamwonyesha viatu.

"Mama, mtoto kwenye picha hii ni mmoja."

Mama Dotun alitazama kiatu hiki, akatazama kile. Akavaa miwani, akavua.

"Yupi?"

"Wewe, Mama. Wote ni wewe."

"Huyu ninayemsalimia kila asubuhi, miaka yote hii, naye ni mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nani alikuwa ananiitikia?"

Mama Dotun alicheka, kicheko kikageuka kilio, na Sikirat akalia naye. Hajui kama alimpa mama yule kitu au alimwibia.

"Mkono niliushika," Mama Dotun alisema baadaye, akijipangusa kwa kilemba. "Siku gani, sijui. Lakini niliushika. Haya, jaza. Mama yetu alitaka wawili, mpe wawili."

"Nibandike uso wako?"

"Kwani huo uso niliutoa wapi peke yangu? Tuliutoa pamoja."

Kazi iliisha mchana ule ule. Ilibaki kuandika majina chini, kama wateja wengi wanavyopenda. Sikirat akaandika Kehinde kushoto, Taiwo kulia. Mama Dotun akamshika mkono.

"Geuza. Huyo mzima, mpe jina la Taiwo. Mimi niweke kwenye huo uso uliotengeneza wewe."

"Lakini Mama, huyo mzima ndiye wewe kweli."

"Mimi nipo, mwanangu. Anayenitaka ananiona. Yeye ndiye hana uso wa kweli hata mmoja."

Sikirat akageuza majina. Anakiri kwamba mpaka leo haelewi vizuri ni mtoto yupi amemrejesha na ni yupi amemtengeneza, na kila akiitazama picha kichwa kinamzunguka upya. Amealikwa kula maharage Jumamosi, naye amepanga kufunga kibanda mapema.

"Nitakwenda," anasema. "Nitawasalimu wote wawili. Nikiwachanganya, wao wenyewe watajuana."