Mtungi wa Siku ya Upepo

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu watatu, baba mdogo wa ng'ambo ya bonde, wanaume wa kitongoji, na jirani yetu, mama wa Kirundi aliyehamia Murukulazo kabla sijazaliwa. Nawataja kwa sababu juzi upepo umepita tena, na nilipokuwa nakagua migomba iliyolala niliwaona wote kama wamerudi.

Kama umekulia huku, unaijua mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Huanza vumbi, halafu radi, halafu mawe yanayogonga bati mpaka hamsikilizani. Mwaka ule bati halikugongwa sana. Liliondoka. Tulijificha chini ya kitanda cha marehemu mama, wadogo zangu wameshika gauni langu, na kulipokucha tukatoka kutazama. Mabati mengine yalikuwa bondeni, moja limejikunja kwenye mparachichi. Migomba ililala yote upande mmoja. Ile harufu ya utomvu na udongo mbichi ninaisikia hadi leo.

Baba mdogo alifika mapema. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama juu. Alizunguka nyumba, mikono mgongoni.

"Hapa hakuna nyumba tena," akasema. "Mmoja ataenda Nyamigogo kwa shangazi, mmoja Nemba, huyu mdogo nitakaa naye. Wewe ni binti, utaolewa."

Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili hao watatu wale chungu kimoja. Sikulia. Nilichukua nyundo ya marehemu baba nikaanza kunyoosha bati.

Mlio wa nyundo uliwaleta wanaume, mmoja mmoja, na misumari yao. Lakini kwetu watu hawaezeki nyumba bila mwenyewe kutoa mtungi wa pombe, na sisi mtungi hatukuwa nao. Ndipo jirani akaja na mtungi wake kichwani, na mirija mkononi. Alikuwa amekamua ndizi jana yake, atengeneze pombe ya wageni wa posa ya binti yake. Akautua mlangoni kwetu, akanipa mrija mbele ya wote.

"Mwenye nyumba aonje kwanza."

Nikaonja. Mwanamume mmoja akafuata, akakunja uso. "Aa, mama, hii haijachacha! Hii ya watoto!"

"Na wenye nyumba ni watoto," akajibu. "Kunywa, kisha upande paani."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikampelekea mrija baba mdogo, kwa mikono miwili. Aliutazama muda. Ukipokea mrija kwa mwenye nyumba, huwezi tena kusema nyumba haipo. Akavuta. Kisha akavua koti, akashika ngazi.

Hatukutawanyika. Wadogo zangu wote wamemaliza shule wakitokea chini ya mabati yale yenye makunyanzi, na nikilisema hilo sioni haya kujivuna. Siku hizi paa likiezuliwa unatafuta fundi, unamlipa, anaondoka. Mirija imebaki kwa wazee.

Jioni ile nilimwahidi jirani kumrudishia mtungi wake. Akakataa. "Nimekupa changa, utanirudishia iliyochacha. Siku atakapooa huyu wa mwisho."

Huyo wa mwisho sasa ni mwalimu, na hana habari ya kuoa. Juzi jirani alinikuta shambani nimeinua mgomba, nauwekea mti wa kuegemea. Anatembelea fimbo sasa. Baada ya shikamoo na marahaba, hakuuliza habari ya upepo.

"Mwenye nyumba," akasema, "ile juisi yangu haijachacha tu?"