Mashine za Hamimu Zisizokula Mega

Alhamisi, 6 Novemba 2025. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoma.

Hamimu ana sekretaria, kiduka cha kuchapa, mtaani Rohero. Huwachapia watu barua na kuwajazia maombi ya mtandaoni. Alianza enzi ambazo mtandao ulisuasua na mega za intaneti zilikuwa ghali, kwa hiyo kompyuta zake tatu alizizuia zisijisasishe, na simu yake pia. Mpaka leo huwaambia wateja kwa fahari kwamba mashine zake hazili mega.

Siku hiyo Alya, binti wa fundi magari wa Kinama, alikuja kuomba nafasi shule ya wauguzi. Maombi yalikuwa yakifungwa saa kumi na mbili jioni. Ukurasa wa shule ukatokea mweupe, na mstari mmoja tu: kivinjari hiki ni cha zamani mno.

"Mwezi uliopita ilifunguka," Hamimu akasema.

"Jaribu ingine, Papa Hamimu."

Kompyuta ya pili na ya tatu zikajibu vilevile. Akataka kusasisha kivinjari. Kompyuta ikasema isasishwe kwanza yenyewe, kazi ya mpaka usiku. Alya alikaa na diploma mapajani. Simu yake ilikuwa ya vitufe.

Consolate, muuza vocha wa hapo mlangoni, alikuwa akisikiliza.

"Mzee Hamimu, hizo mashini zimelala tangu niko ku shule ya primaire! Leta hiyo adresi hapa kwangu."

"Simu ni ya kuongea, Consolate. Kazi ya maana..."

"Mi siizuii kitu. Inajitengeneza yenyewe usiku, mi nalala. We leta!"

Kwenye simu ya Consolate ukurasa ulifunguka papo hapo. Hamimu akavaa miwani, akaipiga picha diploma, kisha akaanza kuandika kwa kidole kimoja, Alya akimsomea.

"Polepole, mzee! Utanivunjia kioo."

Jua likiwa limeshalegea, jibu likaja: ombi limepokelewa.

"Alhamdulillahi," Alya akasema, akafuta kioo kwa mtandio wake kabla ya kumrudishia Consolate simu.

Ijumaa asubuhi Hamimu alinunua mega kwa Consolate, akawasha kompyuta zote na kuziruhusu zijisasishe. Twahiru, mteja wake wa miaka mingi, akaja na karatasi za kuchapa.

"Leo apana, ndugu yangu. Nenda kwa jirani."

Akavuta kiti, akakaa akitazama asilimia zikipanda, mpaka adhana ya Ijumaa.