Siku Niliyobeba UPS Begani Mbele ya Mgeni wa Kitwe

Nianze kwa kukiri, maana wengine mmeshaiona ile klipu na hakuna haja ya kuzunguka: yule jamaa mwenye vumbi la lipu kichwani, aliyeegemeza bega kwenye kabati la ukutani huku kitu kinalia sikioni mwake kama kifaranga aliyepotelewa na mama, ni mimi. Mimi Lusekelo, fundi wa kompyuta (siku hizo nilikuwa najiita mtaalamu, Mungu anisamehe), na kama mlicheka mmecheka, lakini leo naomba mnisikilize na mimi, kwa sababu klipu ni fupi na hasira yangu ni ndefu.

Nafanya kazi hapa Tunduma kwenye ofisi ya wakala wa forodha, sisi ndio tunaojaza nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia na Congo, na kila mtu anayeishi mji huu anajua umeme wetu ulivyo, unakatika ukiwa umebakiza kubonyeza kitufe cha mwisho, unaanza upya, na dereva yuko dirishani anakutukana kwa lugha tatu. Kwa hiyo bosi wetu, Bwana Sichone, akaamua tununue UPS ya maana, kile kifaa chenye betri ndani kinachoshika umeme ukikatika ili seva isizime ghafla, na kazi ya kuchagua akanipa mimi, nikiwa na miezi mitano tu pale kazini, bado niko kwenye majaribio, na mwezi wa sita ndio nilikuwa napewa ajira ya kudumu au naambiwa asante kwaheri.

Sasa UPS ziko za aina mbili. Iko ya kusimama, unaiweka sakafuni kama ndoo, wanaiita tawa, na iko ya kulala, bapa kama sinia, inaingia kwenye kabati la vifaa na kufungwa skrubu, hiyo ndiyo ya raki. Mimi nilikuwa nimetoka Mbeya kwenye mafunzo ya siku tatu, wakatuingiza kwenye chumba cha seva cha kampuni moja kubwa, baridi kama Mbozi mwezi wa sita, makabati marefu meusi, UPS zimelala mle ndani zina vioo vidogo vinawaka bluu, na mimi nikasema moyoni, hii ndiyo hadhi.

Tatizo likaanzia kwa Atupele. Atupele ni dada anayeshughulika na nyaraka, amekaa ofisi ile miaka mingi, hajasomea kompyuta hata siku moja lakini anajua kila waya unakoishia. Akanikuta napiga picha kikabati chetu cha ukutani (kina swichi ya mtandao na vumbi, basi), akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kaka Lusekelo, usiniambie unataka kuiweka humo."

"Ya raki inakaa kwenye kabati, dada. Ndivyo wanavyofanya watu wa kisasa."

"Hao watu wa kisasa wana seva ishirini, sisi tuna moja. Na yenyewe imesimama chini kwenye kona kama jaba la maji. Sasa seva ikae chini, betri yake ikae juu ukutani, kwa faida ya nani? Chukua ya kusimama, iweke pembeni yake, ukitaka kuihamisha unaihamisha."

Niambieni, hayo ni maneno ya kukataa? Siyo. Lakini aliyasema mbele ya madereva wawili, mmoja akaguna, "Sista anajua," na mimi hapo hapo nikafunga masikio. Ningekubali, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Nikaenda dukani. Na huyu muuzaji, jina lake silitaji, ndiye anayenichemsha damu mpaka kesho. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha picha ya kabati kwenye simu, nikamuuliza kwa kinywa changu mwenyewe, "Itaingia?" Akaitazama picha muda wa kupepesa jicho, akasema, "Itaingia tu, broo." Itaingia tu! Mtu anakuuzia chuma chenye uzito wa mfuko mzima wa mahindi ya kusaga, hajauliza kina cha kabati, hajauliza ukuta ni wa nini, anakwambia itaingia tu kama vile unanunua soksi.

Haikuingia. Niliisukuma mpaka ikagonga ukuta kwa nyuma, na mbele ikabaki imetokeza nje kama ulimi wa ng'ombe anayelamba chumvi, mlango haufungi, matundu ya skrubu hayafiki yanakotakiwa kufika. Mtu mwenye akili angeirudisha siku ile ile. Mimi (na hapa sina wa kumlaumu, nimetafuta sana) niliona aibu kumpa Atupele ushindi, nikachukua mpira wa bodaboda wa kufungia mizigo, nikaizungushia mara tatu, halafu ule ulimi nikaukingia kwa chini, nikaweka meza ndogo, juu yake kreti mbili za soda, zikabana vizuri kabisa. Nikatundika pazia kwa chini, likaficha meza na kreti. Ukisimama mbali unaona kioo tu, kinawaka bluu. Hadhi.

Siku mbili baadaye akaja mgeni. Mama Mulenga, anatoka Kitwe, kule Zambia, ana malori mengi kuliko ndugu zangu wote kwa idadi, na alikuwa anatafuta wakala mmoja wa kumkabidhi mizigo yake yote ya upande wa huku. Bosi alikuwa hajalala. Akanyoosha tai, akaniambia pembeni, "Lusekelo, mama huyu akisaini, na wewe nakusainia. Nataka nimwonyeshe kwamba hata umeme ukatike, sisi hatusimami. Nitazima meinswichi mbele yake." Nikamwambia hamna shida bosi. Hamna shida! Ulimi huu, wallahi ningeweza kuufunga na ule mpira.

Akaingia, mama mtu mzima, kitenge, miwani, anatembea polepole anatazama kila kitu. "Mulishani," tukamwamkia kwa Kibemba, akafurahi, akakaa. Madereva wamejaa kaunta. Bosi akaanza hotuba, uaminifu, kasi, teknolojia, akanyoosha mkono kunionyesha, "Na huyu ndiye mtaalamu wetu," nami nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Na wakati huo huo Mama Neema, mama wetu wa usafi na chai, mwanamke mwema ambaye hajawahi kumkosea mtu, akaona mgeni amekaa mkavu hana hata soda. Akafungua pazia. Akaona kreti. Nilimwona akiinama nikataka kusema, lakini unasemaje katikati ya hotuba ya bosi, "Mama Neema acha hizo soda ndizo zinashikilia teknolojia"? Akavuta ya juu.

Nilisikia ukuta unasema kra. Niliruka meza, hata sijui nilirukaje, nikaweka bega chini ya ule ulimi wakati kabati limeshaanza kuinama, na uzito wote ukanikalia kwenye mfupa. Lipu ikanimwagikia kichwani. Mama Neema akasema, "Yesu wangu," akabaki na kreti mkononi.

Bosi alikuwa amenipa mgongo. Hakuona kitu. Ndiyo kwanza alikuwa anafika kwenye kilele cha hotuba, mkono uko kwenye meinswichi, "Na sasa mama, tazama mwenyewe!" Akazima.

UPS ikaanza kulia. Pii, pii, pii, kwenye tundu la sikio langu. Na ukweli lazima usemwe, seva haikuzima, na kompyuta za mezani (ni laptopu, zina betri zake) ziliendelea kufanya kazi, madereva wakapiga makofi, kisha wakaona inakotoka ile sauti, makofi yakageuka vicheko. Bosi akageuka. Sitasahau uso ule.

"Unafanya nini hapo?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Naishikilia, bosi. Washa umeme niitue."

"Usitue! Mgeni anaangalia!"

Nawauliza nyie wenzangu, hiyo ni amri ya kumpa binadamu? Mtu ana chuma begani, unamwambia asitue kwa sababu mgeni anaangalia, kama vile mgeni hajaniona tayari! Na hata ningetaka kuitua nisingeweza, waya wa kwenda kwenye seva ulikuwa mfupi, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo (kwa sababu betri iko juu na seva iko chini, Atupele aliuliza kwa faida ya nani, na jibu nilikuwa nalo begani). Dereva mmoja akatoa simu, akaanza kurekodi, akaniuliza kwa sauti, "Kaka, huo mzigo unavuka leo au unalala boda?" Kaunta nzima ikaangua kicheko.

Halafu skrubu za juu zikang'oka. Kabati, mimi na UPS tukashuka pamoja. Sikuumia sana, nilikaa tu sakafuni na kitu kile mapajani kama mtoto wa ubatizo, lakini waya ulichomoka na seva ikazima. Kompyuta zote zikaduwaa. Nyaraka za malori manne zilizokuwa zinajazwa dakika ile zikapotea, na wale madereva waliokuwa wanacheka wakagundua kwamba mawili kati ya hayo ni malori yao. Hapo hakucheka mtu tena. Nilitukanwa, jamani. Yule wa kurekodi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na simu haikuzimwa.

Atupele aliwasha meinswichi, akavuta waya, akaichomeka seva moja kwa moja ukutani, akawaambia madereva, "Kaeni, nitawajazia upya mmoja mmoja, nakumbuka namba zenu," na kweli alizikumbuka. Mama Mulenga alimtazama muda mrefu. Kisha akainuka, akanijia pale sakafuni, akanishika bega (lile lile, nikauma meno), akamwambia bosi, "Kijana huyu ana bega zuri. Kichwa, mumtafutie." Akasaini wiki ile ile, kwa sharti kwamba nyaraka zake zote azishike Atupele.

Mimi niliongezewa miezi mitatu ya majaribio. Nikarudi dukani na kile chuma kwa bajaji, muuzaji akakigeuza, akaona michubuko, akasema, "Kilichotumika hakirudi, broo. Si ulisema una kabati?" Nilitamani kumtwisha. Jioni mjomba akanipigia kutoka Mkwajuni, huko wenzake wa machimboni wameshaipata klipu, "Mwanangu, tulikusomesha kompyuta, mbona tunakuona kwenye kubeba mizigo?" Nikakata simu, na mjomba hakatiwi simu, hiyo nayo nikaja kuombea radhi.

Baadaye ilinunuliwa ya kusimama. Atupele aliichagua, ikawekwa sakafuni kando ya seva, na siku ya kwanza umeme ulipokatika ikalia mara moja, watu wakaendelea kuandika bila hata kuinua macho. Iliniuma kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilimsubiri mpaka wengine wakatoka kwenda kula, nikasema, "Dada, ulikuwa sahihi."

"Najua," akajibu, anapanga karatasi zake. "Na nilijua ungeona mwenyewe. Sikujua tu kama ungeona kwa bega."

Kwa hiyo nasema mbele yenu, na mnishike kwa neno langu: sitanunua tena kitu ambacho sijapima kinapokwenda kukaa, mtu akiniambia itaingia tu nitatoka dukani mwake hapo hapo, na nikisahihishwa mbele ya madereva nitakubali mbele ya hao hao madereva. Ni afadhali aibu ya kusema "kumbe" mara moja, ikapita, kuliko hii yangu ambayo kila nikikatiza stendi kuna mtu ananionyesha bega.