Kinanda Nilichokipandisha Sauti

Iko siku moja ya Kwaresima ninayoikumbuka, mwanangu, nilipofungua kinanda cha kanisa letu hapa Songea nikaanza kukwangua ndimi zake kwa tupa. Nilikuwa mpiga kinanda, kijana, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Kilikuwa kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Ndani yake mna ndimi nyembamba za shaba. Upepo ukipita zinatetema, ndiyo sauti. Ukikwangua ncha ya ulimi, sauti inapanda. Kwaya moja ya Majengo ilikuwa imepandisha chao wakati wa Krismasi, watu wakasema wale wanang'aa, sisi tumelala. Nao walipandisha kwa sababu sisi tuliwatangulia kupandisha mwaka wa nyuma, ila hilo sikutaka kulikumbuka.

Shangazi yangu Otilia ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Mazoezini alishika koo, akaniambia, "Mwanangu, huko juu unakonipeleka sifiki bila kupiga kelele."

Nikamjibu kwamba atazoea. Jibu hilo nalionea aibu mpaka leo.

Siku ya Pasaka, katikati ya wimbo wa Utukufu, sauti yake ilikatika. Alifunga kitabu, akakaa, wenzake wakamalizia.

Kesho yake Mzee Kosmas, fundi aliyenifundisha kinanda, aliniita kanisani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akatoa mfukoni kichuma chake cha kupimia sauti na kukigonga gotini. Kisha akabonyeza noti ileile kwenye kinanda. Hata mtoto angesikia tofauti.

"Ulaya nako walipandishana hivihivi," akasema, "kila mmoja akitaka ang'ae kuliko mwenzake. Waimbaji wakalalamika weee, mpaka wakakaa wakakubaliana kipimo. Wewe ulikubaliana na nani?"

Nikasema nitazishusha zile ndimi.

"Kushusha ni kukwangua shina la ulimi. Utazidi kuwa mwembamba. Shaba uliyoitoa hairudi, bwana."

Tulizishusha hivyohivyo, na tatu zikakatika mikononi mwangu. Nikaenda kwa shangazi kumwomba radhi. Alinipikia ugali na maharage, akasema yamekwisha, nami naamini alinisamehe. Lakini kwenye kwaya hakurudi. Miaka yake yote iliyobaki alisali benchi la nyuma, watu wakiimba, yeye kimya.

Siku hizi ninyi mna vinanda vya umeme, mnabonyeza kitufe tu, wimbo unapanda, hakuna cha tupa wala jasho. Ndiyo maana nakuandikia, maana nasikia mmeanza tena kushindana. Nasaha yangu ni hii: kabla hujapandisha wimbo, imba mwenyewe noti yake ya juu kuliko zote, asubuhi, hujanywa hata chai. Halafu muulize mama mwenye umri mkubwa katika sauti ya kwanza. Akikwambia ni juu mno, shusha siku hiyohiyo, wala usimwambie atazoea.

Mungu akubariki, mwanangu, akujalie sikio la kumsikia mwenzako angali anaimba.